Uzi Mweupe Chini ya Uzi Mweusi

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na mama mkwe naye ameanza leo. Paa la nyumba yake linavuja, kwa hiyo mume wangu alimwambia aje akae nasi hadi mvua ziishe. Baada ya kumkaribisha, mume wangu alipanda lori la kampuni akaenda zake mbali huko kufunga nyaya za umeme. Atarudi mvua zikiisha. Hivyo ndivyo wanaume wanavyokaribisha mama zao.

Mama mkwe hakumaliza hata saa moja kwenye chumba changu cha kushonea kabla hajakunja vitambaa nilivyovitandaza kwa makusudi. Kisha akasimama mbele ya ukuta.

"Na huu utando wa buibui ni wa nini?"

Nikamweleza. Ukuta wote wa upande wa meza nimeubandika karatasi za miraba, zile ninazochorea nguo kabla ya kukata. Kila jioni dalali wa hisa hunitumia kwa simu bei ya hisa za kiwanda cha saruji. Natafuta wastani wa bei za siku kumi zilizopita, nabandika pini nyeupe. Natafuta wastani wa siku hamsini, nabandika nyeusi. Uzi mweupe unapita kwenye pini nyeupe, mweusi kwenye nyeusi. Mweupe una haraka, mweusi ni mzito. Mweupe ukipanda ukamvuka mwenzake, nunua. Ukishuka ukapita chini yake, uza, na usiulize. Mwalimu wa semina ya hisa alituambia, ukianza kubishana na chati, acha hisa ukauze mkaa.

"Na pesa ni za nani?"

"Za wifi, Mama. Za binti yako."

Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani. Wifi yangu amekuwa nesi maisha yake yote, alistaafu mwaka jana, na kiinua mgongo chake chote kimo kwenye nyuzi hizi mbili. Ana kiwanja chenye msingi ulioota majani, na ana chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba humkumbusha kila mwezi kuwa si chake. Zile hisa ndizo nyumba yake. Mimi ndiye niliyemwambia anunue. Nikikosea, wifi atazeekea kwa watu.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Suruali nne. Uzi mweupe uko juu.

Jumatatu, 9 Machi

Mama mkwe amepanga vifungo vyangu kwa ukubwa. Mimi nilikuwa nimevipanga kwa wateja. Nimesema ahsante, na meno yangu yalikuwa yamebana.

Ijumaa, 13 Machi

Bei imepanda tena. Wifi amekuja na ramani ya nyumba yake, ameizungushia mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga. Tukaitandaza juu ya meza ya kukatia. Akatuonyesha jiko, akatuonyesha baraza, akatuonyesha chumba cha mama yake chenye dirisha la kutazama nje.

"Kiko mbali na sebule?" Mama mkwe akauliza.

"Mbali kabisa, Mama."

"Vizuri. Maana hapa cherehani inaanza kulia kabla jogoo hajaamka."

Nilijifanya natafuta mkasi.

Nikamuuliza wifi kama hataki kuuza sasa, maana faida ipo na msingi unasubiri. Akaukagua ukuta kama anayemsoma mgonjwa. "Mweupe bado uko juu?" Uko juu. "Basi tungoje. Sheria si ndiyo hiyo?" Ndiyo hiyo. Nikashindwa kubishana na sheria yangu mwenyewe.

Ukuta unanitia wasiwasi kidogo. Plasta imekunywa maji ya mvua hadi imevimba, na pini nyingine zinacheza.

Jumatano, 18 Machi

Nimepata kazi ya sare za shule. Nyingi kuliko akili yangu. Mama mkwe anasaidia kupiga pasi, na anasaidia kusema.

Ijumaa, 20 Machi

Umeme umekatika. Nimebandika pini za leo kwa mwanga wa simu, macho yakiwasha, nikafuta hesabu kama kawaida. Pini ikishaingia ukutani, namba ya wastani sina haja nayo. Ukuta ndio kumbukumbu yangu.

Jumamosi, 21 Machi

Kutwa nzima nimeshinda shuleni na sare zangu, mtunza stoo akizigeuza moja moja kana kwamba nimeshona kwa meno. Nimerudi nimelowa hadi mifupani. Mama mkwe alikuwa amefagia chumba cha kushonea, amekipanga upya, anachechemea. Sikuuliza. Nimekwenda kulala.

Jumatatu, 23 Machi

Niandike yote yalivyotokea.

Asubuhi nimefungua dirisha la chumba cha kushonea, nikainua macho, nikabaki hivyo na kitasa mkononi. Uzi mweupe ulikuwa chini ya mweusi. Haukuwa umekaribia wala kugusa. Umeuvuka na kushuka, ncha yake inaelekea sakafuni.

Nikajiuliza: Ijumaa nilibandika nini? Nilikuwa nimechoka, umeme haukuwepo, huenda nilibandika bila kutazama nilichobandika. Nikajaribu kukumbuka wastani, nikakumbuka sare; na kuurudia kutoka kwenye bei za simu ni kubishana na chati. Lakini pini ilikuwa pale, na sheria ilikuwa pale. Nikampigia wifi.

"Uza," nikamwambia.

"Uza nini? Ijumaa ilipanda. Dalali mwenyewe aliniambia."

"Bei ya siku moja si kitu, wifi. Mweupe umeshuka. Umeshuka vibaya."

"Wewe si ulisema..."

"Nilisema mweupe ukishuka tunauza na hatuulizi. Ulinipa pesa zako kwa sheria hiyo."

Nikamsikia akifunga mlango wa chumba chake. Kisha akasema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuwapa ndugu wa wagonjwa habari mbaya, "Haya. Uza."

Dalali akacheka. Akaniuliza kama nina hakika, maana watu wote wananunua, yeye mwenyewe ananunua. Nikasema uza zote. Kufikia mchana nyumba ya wifi ilikuwa imegeuka kuwa pesa benki, na mimi nikarudi kwenye cherehani.

Jumanne, 24 Machi

Imepanda.

Jumatano, 25 Machi

Imepanda tena, zaidi ya jana. Wifi amekuja, amepita mbele yangu, amemsalimia mama yake, ameondoka. Wifi aliyenishika mkono siku ninazaa hakuona hata kivuli changu.

Alhamisi, 26 Machi

Ujumbe wa wifi, neno moja: *Umeniua.*

Nimeshona zipu ya gauni la mtu upande wa nyuma kwenda mbele. Mama mkwe ameifumua bila kusema kitu. Ni mara ya kwanza kumwona hasemi kitu.

Jumatatu, 30 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa napiga pasi kola, redio inasema mambo yake, nikasikia jina la kiwanda cha saruji. Nikadhani wanatangaza kuwa bei imepanda tena, nikanyoosha mkono niizime. Mkono ukaishia hewani. Soko la hisa limesimamisha biashara ya hisa za kiwanda. Hesabu zao ni za kupika. Faida ya miaka mitatu iliyokuwa ikitangazwa haikuwahi kuwepo, saruji waliyosema wameuza nje haijawahi hata kufungwa kwenye mifuko. Wakubwa wawili wako polisi, wa tatu hajulikani aliko.

Harufu ya kuungua ndiyo iliyonizindua. Kola ilikuwa imekwisha.

Mama mkwe akaja mlangoni. "Kuna nini?" Niliongeza sauti. Nikamwonyesha redio. Akasikiliza, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akashika kichwa.

Muda si mrefu wifi akaingia mbio kutoka kwenye mvua, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alinikumbatia hivyo hivyo amelowa, tukaanguka wote wawili juu ya mama yake. Alikuwa analia. Alikuwa akisema, "Nisamehe, wifi, nisamehe," na mimi nilikuwa nalia pia, lakini kwa hofu. Niliiona ile nyumba ikipita karibu kabisa na ukingo wa shimo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani.

Alhamisi, 2 Aprili

Hisa zimefunguliwa tena. Aliyekuwa na shilingi tano sasa ana moja. Dalali amenipigia simu, na safari hii hakucheka. Amepoteza zake zote.

"Mama, niambie ukweli. Nani alikudokeza?"

"Uzi," nikamwambia.

Akasema anaheshimu kuwa sitaki kumtaja mtu.

Jumamosi, 4 Aprili

Wananiita Mama Uzi. Muuza nyama amekuja na suruali isiyohitaji kushonwa, akakaa kutazama ukuta hadi nikamwonea huruma. Manesi wenzake wifi wamekuja watano, wakavua viatu mlangoni kana kwamba wanaingia mahali patakatifu. Wanataka niwaambie mweupe utapanda lini. Nimejibu kwa sauti ya taratibu, yenye mamlaka. Sijui niliitoa wapi sauti ile, ila ilinikaa vizuri.

Jumatano, 8 Aprili

Nimenunua pini mpya, zenye vichwa vya kung'aa. Mama mkwe ameniuliza zile za zamani zina ubaya gani.

Jumamosi, 11 Aprili

Wifi anataka kurudi. Anasema hisa sasa ni za kuokota, anataka kuingiza pesa zote, na wenzake watano wanaweka zao pamoja na zake. "Ukiniokoa mara moja, utashindwaje kunitajirisha? Badala ya vyumba vitatu najenga ghorofa." Ramani hakuja nayo. Nilipomuuliza, akasema hiyo ni ndogo, atachora nyingine.

Hilo sikulipenda. Lakini nimesema haya, Jumanne nitakaa niupange ukuta upya, tuone.

Jumanne, 14 Aprili

Leo jua limetoka. Naandika hili ili siku moja nisije nikajidanganya kuwa halikutokea.

Tangu tulipouza nilikuwa sijaugusa ukuta. Leo nimepanda juu ya stuli na pini zangu mpya, jua linaingia dirishani kwa ubavu, likipiga karatasi mshazari. Kwa mwanga wa namna hiyo kila kijitundu kinaonekana. Pini ya mwisho nyeupe, ile iliyotufanya tuuze hisa, ilikuwa mahali pake. Juu yake, upana wa kiganja, kulikuwa na tundu tupu.

Nilitazama tundu, nikatazama pini. Tundu lilikuwa juu ya uzi mweusi. Lilifuatana na pini zilizotangulia sawasawa, kama kifungo kinachofuata kwenye shati. Na pembeni mwake plasta ilikuwa imemomonyoka.

Nikashuka kwenye stuli.

"Mama," nikaita. "Kuna mtu aligusa pini hii?"

Mama mkwe alikuwa anakunja mashuka. Hata hakugeuka. "Ipi? Ah, hiyo. Ilianguka. Nilikuwa nafagia, siku ile ulipopeleka sare, nikaikanyaga, ikaniingia kisiginoni hadi leo napasikia. Nikairudisha."

"Uliirudisha hapo?"

"Pale juu ukuta ulikuwa laini, ingeanguka tena. Nikashuka kidogo penye ugumu, nikavuta uzi, ukakaa vizuri."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo akageuka. "Nikipanga vifungo unanuna. Nikikunja vitambaa unanuna. Ningekuambia na pini ningelala wapi?"

Nimekaa sakafuni. Sikuwa na hasira, na hilo lenyewe lilinishangaza. Nilikuwa nafikiri kitu kimoja tu, kikizunguka kichwani hadi kinatia kizunguzungu: Ijumaa ile hesabu yangu ilikuwa sahihi. Pini niliibandika palepale ilipostahili. Mweupe ulikuwa juu. Kwa sheria yangu tungengoja, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, tukishangilia, hadi redio itukute na hisa zote mkononi. Mimi, kwa hesabu sahihi, ningemzika wifi. Aliyemwokoa ni mama yake, kwa ufagio na kisigino.

Na siku zote hizi nimekuwa nikijibu watu kwa ile sauti ya taratibu.

Jumatano, 15 Aprili

Nimempigia mume wangu nikamsimulia. Amecheka hadi salio likaisha. La kwangu.

Ijumaa, 17 Aprili

Wamekuja wote: wifi, manesi watano, muuza nyama. Nimefunga mlango nikawaambia kila kitu. Nimewaonyesha tundu. Nimewaambia mimi sijui kitu, tuliponea kwa pini iliyoanguka, na waliokuwa na pesa wakazifanyie walichokusudia.

Nilitegemea watanikasirikia. Nilijiandaa kutukanwa. Walichofanya sikukitegemea.

Muuza nyama alitabasamu. "Fundi, mwaga mchele kwenye kuku wengi kidogo basi. Unataka kula peke yako."

"Ni kweli ninayosema."

"Anaogopa tutazidi wengi," nesi mmoja akamnong'oneza mwenzake, nikisikia.

Nikamgeukia Mama mkwe anisaidie. Akasema ni kweli, pini aliibandika yeye, na akataka kuwaonyesha kisigino. Hakuna aliyeinama kukitazama. Kisha nikaona uso wa wifi ukibadilika, ukifunguka polepole, na nikajua mambo yameharibika kabisa.

"Kwa hiyo ni mkono wa Mama," akasema.

"Wifi, hapana. Kupata si werevu, na kukosa si ujinga. Ilikuwa bahati."

"Na bahati imekaa kwenye mkono wa nani?" Akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, nikija na pesa, utanibandikia tena? Popote mkono wako utakapoweka, mimi nitafuata. Naapa mbele ya hawa."

Wageni saba, watu wazima, ndani ya chumba changu, wote wakiutazama mkono wa bibi mmoja anayekunja mashuka. Mama mkwe akautazama mkono wake pia, mbele na nyuma, kama aliyerudishiwa kitu alichokuwa hajui kakipoteza. Kisha akasema, "Njoo wiki ijayo. Na uje na ile ramani."

Nikawafungulia mlango watoke. Usiku mzima nimemchukia. Nimejiambia, huyu amenogewa na sifa, kama nilivyonogewa mimi, tofauti ni kwamba mimi niliacha.

Jumatatu, 20 Aprili

Hatusemezani. Muuza nyama ametundika uzi mweupe na mweusi buchani kwake, katikati ya ndoano.

Ijumaa, 24 Aprili

Wifi alikuja asubuhi na manesi wake. Ramani alikuwa nayo, imekunjwa ovyo, bila nailoni. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Nilisimama karibu na ukuta na mkasi mkononi. Nilikuwa nimeamua kuzikata nyuzi zote mbele yao, liwalo na liwe.

"Nipe pini," Mama mkwe akaniambia.

"Sikupi."

"Nipe, mkwe wangu."

Hajawahi kuniita hivyo. Huniita "wewe." Nikang'oa ile ya mwisho, ile ile, nikampa, sijui kwa nini.

Akachukua ramani kwa wifi. Akainyoosha kwa kiganja juu ya meza yangu ya kukatia, kona moja baada ya nyingine, kwa ule upole wake unaoniudhi. Akaenda nayo ukutani, akaiweka juu ya karatasi zangu za miraba, juu ya nyuzi zote mbili, akatafuta kwa kidole penye ugumu. Kisha akaikandamiza pini hadi kichwa kikagusa karatasi.

"Nimebandika," akasema.

Wifi akasogea. "Mama, hapo si penye chati."

"Ulisema popote mkono wangu utakapoweka. Uliapa mbele ya hawa."

"Lakini hapo ni..."

"Hapo ni dirisha la chumba changu. Nimelihesabu kutoka mlangoni. Mimi nina miaka yangu, nimechoka kulala kwenye nyumba inayovuja, na nimechoka na cherehani ya huyu. Nenda kajenge."

Wifi alimgeukia mama yake. Machozi yakaanza kumshuka bila sauti, na sikujua kama ni ya hasira. Nadhani naye hakujua. Manesi walitazamana, wakavaa viatu vyao mmoja mmoja. Wifi alibaki mbele ya ukuta muda mrefu. Kisha akaipapasa ile pini kwa ncha ya kidole, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuichukua ramani.

"Na pini yake," Mama mkwe akasema. "Usiisogeze."

Walipoondoka nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Nikamwambia Mama mkwe kwamba nilimfikiria vibaya.

"Najua," akasema. "Ulikuwa unabamiza pasi." Akaanza kuzikusanya nyuzi zangu, nyeupe kwake, nyeusi kwake, akizizungushia vibao. Sikumzuia. Nilimsaidia kung'oa pini.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua kidogo jioni. Mama mkwe amepanga vifungo vyangu kwa wateja. Sasa mimi nilishazoea ukubwa, sivioni.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua zimekata. Tumekwenda kiwanjani, mimi na Mama mkwe, kung'oa majani kwenye msingi. Wifi alikuwa ametutangulia, lori liko nyuma yake linashusha mizigo, naye anaisimamia kama wodi yake ya zamani.

Wifi amenunua tena saruji ya kile kiwanda. Safari hii kwa mifuko.